Kuomba saini za wachezaji wastaafu wa besiboli kwa posta: mwenye uzoefu anisaidie

MamaJunior_Ohio

Habari zenu wakuu. Niko Ohio na mwanangu wa miaka 11 ambaye mpira wa miguu ameuacha kabisa, kaingia mazima kwenye besiboli. Baba yake analalamika, mimi nimeshanyoosha mikono. Sasa kuna jirani alikuwa anahama, akamwachia kijana boksi zima la kadi za wachezaji. Nyingi ni za miaka ya themanini, za kampuni za Topps, Fleer na Donruss, na ndani yake kuna rundo la timu ya Cleveland ya enzi zile ikiitwa Indians, kabla haijawa Guardians. Huyu mtoto sasa anawajua hao watu kwa majina kuliko anavyowajua wajomba zake.

Mwenzake shuleni kamwambia kwamba ukimtumia mchezaji aliyestaafu kadi yake kwa posta, ukaweka na bahasha ya kurudishia, anaitia saini na kukurudishia, tena bure. Nikamwambia huyo mwenzako anakuzuga. Lakini nilipouliza kazini, mzee mmoja Mmarekani akasema ni kweli, hata yeye alifanya hivyo utotoni. Zamu ikaisha kabla sijamhoji vizuri.

Naomba kujua, anwani za watu kama hao mnazipata wapi, na si kuwaingilia? Halafu mnaandika nini humo ndani? Nilivyolelewa mimi, huanzi tu kumwomba kitu mzee wa watu ambaye hujawahi hata kumwamkia, kwa hiyo naona haya. Na kadi ikipotea njiani je? Kalamu nimtumie mimi au anayo? Naona kila mahali wanataja Sharpie, zile maka peni. Natanguliza shukrani.

BabuTanga_MN

Mama Junior, hapo umenigusa penyewe. Nilichambua barua zamu ya usiku kwenye posta moja hapa Minnesota mpaka nikastaafu, na haya mambo ya saini niliyajulia humo humo kazini. Kulikuwa na mwenzangu wa zamu aliyekuwa akija na bahasha zake zilizorudi, anazifungua wakati wa chai, sote tunachungulia. Kwa hiyo nina maneno mengi, univumilie.

Nianze na hiyo haya yako, maana ina uzito kuliko kalamu. Wazee hawa hawachukii kuandikiwa, wanachukia kuandikiwa ovyo. Fikiria mtu alicheza misimu yake minne, mitano, akarudi kwao kuuza bima au kufundisha timu ya shule. Barua anazopata leo nyingi zinafanana: "Wewe ndiye mchezaji niliyempenda kuliko wote, naomba uniwekee saini kadi hizi nane." Ni fotokopi, na jina lake limejazwa kwa mkono pale juu palipoachwa wazi. Yeye si mtoto. Anajua fika kwamba hakuna aliyempenda kuliko wote, na anajua kadi nane zinakwenda sokoni.

Mwanao aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake huo huo mbaya. Ukurasa mmoja, tena usijae. Salamu, jina lake, umri wake, anacheza nafasi gani, halafu swali moja la kweli linaloonyesha kwamba kweli amemsoma mtu huyo. Asieleze shida za nyumbani wala asimsifu kupita kiasi. Swali ndilo linalomfanya mzee avute kiti.

Kwenye rundo lako la Cleveland sidhani kama utamkosa Pat Tabler. Mwambie Junior atafute habari zake beisi zote tatu (vile vituo vya kukimbilia) zikiwa na watu: kwa muda wake wote ligi kuu alifanikiwa kupiga mara 43 kati ya 88, yaani wastani wa .489, wakati mpigaji akifika .300 tu wanamwita hodari. Basi amuulize, beisi zikijaa ulikuwa unajisemea nini kichwani? Duane Kuiper naye, mlinzi wa beisi ya pili, alisimama kupiga mara 3,379 akapata hom rani (pigo linalomzungusha mpigaji beisi zote) moja tu maishani, tarehe 29 Agosti 1977, mrushaji akiwa Steve Stone wa White Sox. Au Tom Candiotti, yule wa naklboli, mpira unaorushwa bila kuzunguka mpaka mdakaji mwenyewe hajui utaangukia wapi. Mwaka 1986 Candiotti alimaliza mechi 17 peke yake bila kubadilishwa, akaongoza American League yote, moja ya ligi mbili kuu. Siku hizi timu nzima haifikishi hizo kwa msimu. Na mwaka huo huo alikuwa timu moja na Phil Niekro, bingwa wa naklboli, mzee wa miaka 47 bado anarusha. Hapo swali linajileta lenyewe: Niekro alikuonyesha nini?

Nina kadi moja hapa ya mrushaji ambaye hata mashabiki wa timu yake wamemsahau. Simtaji, hajaniruhusu. Nilimuuliza alivyokuwa akiushika mpira wake wa kupinda. Kadi ilirudi na saini, lakini chini ya kadi kulikuwa na barua yangu mwenyewe, na mgongoni mwa barua hiyo mzee amechora vidole viwili juu ya mpira, mshono kwa mshono, na mshale mdogo kwenye kidole cha kati: "nguvu zote hapa, si kule." Wino umesambaa kidogo pale alipolaza mkono. Kadi yenyewe sokoni haifiki dola moja. Mchoro siuzi.

Sasa bahasha, hapa ndipo nilipokula mshahara. Chukua bahasha ndefu ya kawaida ya barua, ile namba 10. Ndani yake weka barua, kadi, na bahasha ya kurudishia yenye anwani yenu na stempu tayari. Ukipata namba 9 inaingia bila kukunjwa, ni nzuri zaidi. Kadi ivalishe kile kikava laini cha plastiki kisha uiweke katikati ya vipande viwili vya kadibodi nyembamba. Usitie zile kava ngumu za plastiki. Barua ya kawaida isizidi unene wa robo inchi, na lazima iweze kupinda, kwa sababu mashine inaipitisha kwenye magurudumu kwa kasi kama maji ya mfereji. Ikiwa ngumu haipindi, inatolewa pembeni ishughulikiwe kwa mkono na unadaiwa nyongeza, au inanasa na kuchanika. Kalamu ndani ya bahasha ndiyo balaa kabisa, usitume. Kalamu anazo.

Stempu tumia zile za Forever, zilizoanza kuuzwa 2007. Hazina bei usoni, kwa hiyo posta ikipandisha bei baada ya wewe kutuma, ya kwako bado inafanya kazi. Hili si dogo, maana kuna bahasha zinarudi baada ya wiki moja na nyingine baada ya miaka miwili, mpaka umeshasahau ulimwandikia nani. Ndiyo maana kwenye bahasha ya kurudishia tunaandika jina la mchezaji kwa herufi ndogo, ndani ya kifuniko.

Na kwenye hiyo bahasha ya kurudishia weka anwani yenu pande zote mbili, ya mpelekaji na ya mpelekewa. Hata stempu ikibanduka, itarudi kwenu tu.

Anwani. Marekani kumbukumbu za umiliki wa nyumba ziko wazi kwenye ofisi za kaunti, na wakusanyaji wamekuwa wakibadilishana orodha miaka nenda rudi. Upo pia mtandao wa SportsCollectors.net ambao wanachama wanaandika nani amejibu, amechukua muda gani, na kama anatoza. Lipia uanachama, utaokoa stempu. Adabu yake ni hii: anwani ni ya barua tu. Hupigi simu, hupiti mbele ya nyumba "kuangalia tu", na huibandiki hadharani, hata hapa. Ukiona bado inakukera, mwandikie kupitia timu aliyochezea au mahali anapofanyia kazi sasa, wengi wao ni makocha au watangazaji.

Pesa nitaisema kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wanawatukana wazee bila kujua. Wapo wanaotoza, dola 5, 10, 20, na wakubwa walioko Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli kule Cooperstown, wengine wanatoza zaidi. Baadhi wanazipeleka kwenye misaada. Wengine zinabaki kwao, na ni haki yao. Kabla ya 1980 ilibidi mchezaji afikishe miaka minne ya utumishi ligi kuu ndipo apate pensheni. Mwaka 1980 wakabadilisha ikawa siku 43, lakini waliokwisha kuondoka kabla ya hapo na miaka yao miwili, mitatu, hawakuhesabiwa. Mwaka 2011 ndipo ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuwapa malipo kidogo kila mwaka, na hiyo si pensheni. Basi mzee wa 1974 akikuandikia "naomba dola tano", mpe dola tano au mwache kwa heshima. Usiende kumsema vibaya mtandaoni.

Kipanga_Dallas

Wakuu mnajitesa bure. Kadi yenye saini ya hao mliowataja inauzwa mtandaoni dola tano, kumi, imeshathibitishwa na PSA au Beckett, zile kampuni za kukagua saini, inafika baada ya siku tatu. Stempu mbili, bahasha mbili, muda, halafu mtu hajibu. Hesabu haiingii. Na mzee wa miaka 80 kukaa mezani anasaini karatasi za watu asiowajua, mimi naona ni usumbufu mtupu.

BabuTanga_MN

Kipanga, kama lengo ni kuwa na saini, uko sawa, nunua. Hakuna ugomvi.

Ila usiiamini sana hiyo karatasi ya uthibitisho. Miaka ya tisini FBI walifuatilia genge la wafojaji kule California, oparesheni waliyoiita Bullpen. Walikuwa wanafoji Mickey Mantle, Babe Ruth, kila mwenye jina, na vyeti vya kuthibitisha wakavitengeneza hao hao. Mwaka 1999 walikamatwa kwa mkupuo. Upande wetu tuna usalama mmoja wa ajabu: nani atajisumbua kufoji saini ya mlinzi wa akiba wa 1981? Hasara tupu. Kwa wakubwa waliochoka mikono unaweza kupata saini ya mke, ya katibu, au ya mashine. Ya mashine utaigundua ukilinganisha mbili: zinalaliana nywele kwa nywele, na hakuna binadamu anayesaini hivyo.

Kuhusu usumbufu, asiyetaka hajibu. Anaandika "rudisha kwa mtumaji" au anazitupa, hana deni na mtu. Lakini waliokuwa wakijibu walijibu mpaka mwisho. Carl Erskine wa Dodgers, aliyewatoa wapigaji 14 wa Yankees kwa straiki (mpigaji akipata tatu anatoka) kwenye mechi moja ya World Series 1953, fainali za ubingwa, alifariki 2024 akiwa na miaka 97, na sifa yake kwa wakusanyaji ilikuwa ukarimu wa barua. Bob Feller, mrushaji wa zamani wa Cleveland, alisaini kwa wingi mpaka watu wakawa wanatania kwamba mpira adimu ni ule ambao hajausaini.

Na hapa kwetu Minnesota alikuwepo Harmon Killebrew, hom rani 573. Saini yake unaisoma kila herufi, K mpaka w. Mzee huyo aliwashika vijana wa Twins, kina Torii Hunter na Michael Cuddyer, akawaambia waandike majina yanayosomeka, kwa sababu mtoto akikua akaitazama ile saini anapaswa kujua ilikuwa ya nani. Angalia ya Cuddyer leo, imenyooka utadhani ya mwalimu wa darasa la pili. Halafu angalia za vijana wa sasa: mstari, kitanzi, basi. Hata mama yake mzazi hawezi kuisoma.

Nyangumi_Phoenix

Mzee amemaliza kila kitu lakini niongeze la huku kwetu Arizona. Kuanzia katikati ya Februari timu nusu ziko hapa kwa mazoezi ya kabla ya msimu, nusu nyingine ziko Florida. Cleveland wanakaa Goodyear, hapa karibu na Phoenix. Timu huwaalika wachezaji wao wa zamani waje kukaa na vijana, kuwafundisha kidogo, kupiga picha na mashabiki. Mimi hutuma barua mwishoni mwa Januari, kwa anwani ya kambi, jina la mchezaji juu na jina la timu chini yake. Kambini hakuna haraka ile ya msimu, na barua hukaa kwenye kisanduku chake pale chumba cha kubadilishia nguo. Msimu ukishaanza, sahau.

Lingine ni kadi zenyewe. Mama, hizo za Topps za 1987 zenye fremu ya rangi ya mbao, tuma tu, wino unashika vizuri. Lakini kama boksini kuna za kampuni ya Upper Deck za 1989, zile zinazong'aa zilizoanza na Ken Griffey Jr. kama kadi namba moja, usitume hivi hivi. Wino wa maka peni unakataa kushika, unajikusanya vidonge vidonge, na saini inabaki kama imepata tetekuwanga. Chukua poda ya mtoto kidogo sana, pakaza na pamba, kisha ufute na kitambaa kikavu mpaka pale juu pasiteleze tena. Wengine hutumia ufutio mweupe, polepole, lakini mwenye mkono mzito atakwangua picha. Jaribu kwanza kwa kadi ya mtu usiyemjali.

Na kadi yenye giza, kama zile za Topps za 1971 zenye ukingo mweusi, andika kwenye barua ombi dogo kwamba ukiwa na kalamu ya fedha itapendeza. Hizo za kawaida, bluu ndiyo nzuri. Nyeusi inaonekana kama imechapwa.

MamaJunior_Ohio

Shikamoo mzee BabuTanga, nimekosa adabu sikukuamkia tangu mwanzo. Nyangumi asante, poda ipo ya mdogo wake.

Nimemsomea Junior yote. Ameshachagua, anataka kumtumia Len Barker, kadi ya 1982 ya Topps, kwa sababu anasema huyu alirusha mechi kamili. Anataka pia Joe Carter, na amuulize kuhusu ile hom rani ya 1993 iliyoipa Toronto ubingwa. Na anataka kutuma kadi tano kila mmoja! Nimemwambia subiri nimuulize mzee. Halafu je, aombe aandikiwe jina lake, "kwa Junior", au inaharibu kadi? Tusubiri muda gani kabla ya kusema imepotea?

BabuTanga_MN

Marahaba mwanangu, na Junior nimempenda kabla sijamwona.

Len Barker ni chaguo la mtu anayejua. Tarehe 15 Mei 1981, Cleveland dhidi ya Toronto, usiku wa baridi na mvua nyepesi kwenye lile dude la uwanja kando ya ziwa, watu elfu saba na kitu tu. Wapigaji 27 waliingia na 27 wakatoka, hakuna aliyekanyaga beisi ya kwanza. Aliwatoa 11 kwa straiki, na wote 11 walitoka wakizungusha fimbo hewani, hakuna hata mmoja aliyesimama akaitiwa na mwamuzi. Hilo la mwisho ndilo la kuuliza: mpira wako wa kupinda usiku ule ulikuwa unafanya nini?

Lakini kadi ya 1982 ya Topps abaki nayo nyumbani. Itazame vizuri mbele, utaona saini imeshachapwa kiwandani. Topps walifanya hivyo miaka kadhaa: 1967, 1971, 1975, 1977, 1980, 1982. Mchezaji akisaini juu yake unakuwa na saini mbili zinazopigana, na mtu asiyejua atakuuliza ipi ya kweli. Atafute ya 1983, bado yuko Cleveland na haina saini ya kuchapwa, au Fleer au Donruss za 1982. Kwa Kuiper ya Topps ya 1978 inafaa, uso ni msafi. Na achague kadi yenye anga au jezi nyeupe pale saini itakapokaa, siyo kifua cha rangi nzito.

Kadi tano hapana. Moja, au mbili ukiandika wazi kwamba ya pili abaki nayo akipenda. Wapo wazee wasio na hata kadi moja ya kwao, walishazigawa zote kwa wajukuu, na hiyo ya ziada wanaifurahia kweli.

Joe Carter anaulizwa 1993 na kila mtu, hata na mhudumu wa mgahawa nadhani. Junior amuulize enzi za Cleveland. Ila asimuulize msimu wa 1987! Mwaka huo Sports Illustrated walimweka yeye na Cory Snyder kwenye jalada, wakaitabiria Cleveland kuwa timu bora ya American League, na timu ikapoteza mechi 101. Amuulize 1986, alipomaliza na RBI 121 (pointi zilizoingia kwa mapigo yake), akiongoza ligi. Huyu ni mkubwa, kwa hiyo aangalie kwanza kwenye ule mtandao kama anatoza.

Jina liandikwe, ndiyo. Wauzaji hawalipendi kwa sababu linashusha bei, na kwa sababu hiyo hiyo mchezaji akiona umeomba "kwa Junior" anajua hutauza. Aliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ndogo ya kubandika juu ya kile kikava, mzee asilazimike kulitafuta kwenye barua akiwa ameshika kalamu. Na kadi aichomoze kidogo nje ya kikava. Vidole vya miaka 75 vikivutana na plastiki iliyobana, kadi inapinda kona.

Muda, ahesabu miezi mitatu ndipo aanze kuulizia, na asitume ya pili kwa mtu yule yule kabla ya mwaka. Ikirudi na stika ya njano ya posta kwamba amehama, ni habari njema hiyo, umepata kadi yako. Posta inafuatisha barua za kawaida kwenye anwani mpya kwa miezi 12 tangu mtu ahame, baada ya hapo zinarudi.

Kabla ya kutuma asome kwanza kama mtu yu hai. Nasema hivi kwa sababu niliziona nyingi kwenye mashine, barua za watoto kwa marehemu, na wanaozipokea ni wajane.

Mwisho, kama mchezaji anaishi Canada stempu ya Marekani haimsaidii kurudisha, lazima upate ya huko. Na bahasha ya kurudishia nunua ile ya kubandua ukanda, siyo ya kulamba. Joto na unyevu wa sanduku la barua mwezi wa Julai vinaifunga ile ya kulamba kabla mzee hajaitumia.

MamaJunior_Ohio

Topps ya 1983 ya Barker ipo! Ilikuwa chini kabisa ya boksi. Junior ameshaanza barua, ameandika mara moja akaichana, sasa anauliza kama "Mr. Barker" inatosha au lazima amwite "Sir".

BabuTanga_MN

"Mr. Barker" inatosha. Aandike kwa wino, siyo penseli, na chini aweke jina lake kamili. Lisomeke.